Vita vya Panzi Runingani

Juni 1999 halmashauri ya jiji la Chicago ilimwita Jerry Springer mbele ya madiwani ajieleze. Kipindi chake cha runinga, kilichokuwa kikirekodiwa katikati ya jiji hilo, kilivuma kwa ngumi, viti kurushwa na wageni kuvutana nywele, na miongoni mwa mabaunsa waliowaamua walikuwamo askari wa jiji wakifanya kibarua nje ya zamu. Madiwani walimbana kwa swali lenye makali pande mbili. Ikiwa mapigano yale ni ya kweli, mbona askari wanaoyaona hawamkamati mtu? Na ikiwa ni maigizo, mbona watazamaji hawaambiwi? Springer, mwanasheria aliyewahi kuwa meya wa Cincinnati, hakulijibu waziwazi. Swali lile liliwafaa polisi na mahakama. Anayetaka kuielewa historia ya runinga ya ugomvi hana budi kuuliza jingine. Wahenga walisema vita vya panzi furaha ya kunguru. Madiwani waliwatazama panzi, wakataka kujua kama wanapigana kweli. Kunguru hakuulizwa kitu.

Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba katika miaka 30 hivi, kati ya miaka ya 1960 na mwisho wa karne, vipindi hivi viligeuziwa mwelekeo. Mwanzoni raia wa kawaida aliyeketi katika hadhira alipewa kipaza sauti amkabili mtu mwenye jina, cheo au fikra iliyotikisa nchi. Mwishoni wenye vyeo walikuwa wameshaondoka jukwaani, wamebaki wanyonge wawili waliochonganishwa, na hadhira iliyozoea kuuliza imefundishwa kuzomea. Wengi hulalamikia makelele. Kelele zilikuwapo tangu siku ya kwanza, na mara nyingine zilileta kheri. Hasara kubwa ilitokea pale ugomvi uliokuwa ukipanda juu, kutoka kwa raia kwenda kwa wakubwa, ulipoelekezwa chini.

Mzizi wa kwanza ulitoka redioni. Joe Pyne, aliyepigana Vita vya Pili vya Dunia katika Pasifiki, alikuwa katika miaka ya 1950 akipokea simu za wasikilizaji huko Wilmington, Delaware, akibishana nao na kuwakatia simu walipomchosha. Alipohamia Los Angeles alikuwa na kipindi cha runinga, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 kipindi chake kilikuwa kikiuzwa kwa vituo vingi vya Marekani. Aliwaalika wabaguzi, wanamapinduzi na wafuasi wa imani ngeni, akawatukana usoni, na katika studio akatenga mahali ambapo mtu wa hadhira aliweza kusimama na kutoa dukuduku lake. Agosti 1965, mtaa wa Watts ulipokuwa ukiwaka moto kwa ghasia, Pyne alimhoji mwanaharakati mweusi huku akionyesha kwamba ana bastola kwenye meza yake, na kituo kikamsimamisha kazi kwa wiki moja. Alikufa mwaka 1970. Kisa chake kinatuzuia kuamini kwamba zamani watangazaji walikuwa waungwana, kisha wahuni wakavamia. Ukali ulizaliwa pamoja na kipindi chenyewe. Hata hivyo, katika studio ya Pyne mwenye neno la mwisho alikuwa Pyne. Mgeni na mtu wa hadhira waliingia kwa hisani yake, wakatolewa kwa hasira yake.

Aliyelitawanya neno hilo alikuwa Phil Donahue. Tarehe 6 Novemba 1967, katika kituo cha WLWD mjini Dayton, Ohio, alianza kipindi chake kwa kumhoji mgeni mmoja saa nzima. Mgeni huyo alikuwa Madalyn Murray O'Hair, mwanamke aliyemkana Mungu hadharani, ambaye kesi yake ilikuwa mojawapo ya zile zilizoifanya Mahakama ya Juu mwaka 1963 ipige marufuku usomaji rasmi wa Biblia katika shule za umma. Hadhira ilikuwapo kwa bahati tu, kwa kuwa tiketi zilikuwa zimegawiwa kwa ajili ya kipindi kingine kilichokuwa kikitumia studio hiyo. Donahue aligundua upesi kwamba matangazo ya biashara yanapopita, wanawake walioketi pale humuuliza mgeni maswali mazuri kuliko yake. Akaacha kiti chake, akachukua kipaza sauti na kupanda ngazi kuwafuata. Hatua zile chache ndizo zilizoifanya hadhira iwe mhojaji. Runinga ya asubuhi ilikuwa ikimpa mama wa nyumbani mapishi, michezo ya kubahatisha na tamthilia za mapenzi, kwa kudhani kwamba siasa na sheria hazimhusu. Dayton ilithibitisha kwamba dhana hiyo ilikuwa dharau.

Kipindi kilihamia Chicago mwaka 1974, kisha New York mwaka 1985, na kwa miaka hiyo yote kiligombana na wakubwa kweli. Ralph Nader, mtetezi wa haki za walaji aliyewakosesha usingizi watengenezaji wa magari, alialikwa mara nyingi kuliko karibu mtu mwingine yeyote. Mwaka 1982, wakati Ukimwi ulikuwa haujatajwa kwa sauti katika nyumba nyingi, Donahue aliuzungumzia hewani. Mwishoni mwa mwaka 1985, akiwa Seattle, yeye na Vladimir Pozner aliyekuwa Leningrad waliwakutanisha kwa setilaiti raia wa Marekani na raia wa Muungano wa Kisovyeti, waulizane wenyewe. Hadhira ya Donahue ilimgeukia hata mwenyeji wake. Aprili 1992 Donahue alipomsakama Bill Clinton, mgombea wa urais, kwa muda mrefu kuhusu tuhuma za uzinzi, mwanamke kijana alisimama katika hadhira akamwambia kwamba, ingawa yeye si mfuasi wa Clinton, haoni sababu ya kupoteza nusu saa kwa jambo hilo ilhali elimu na matibabu ya nchi viko katika hali mbaya. Studio ikampigia makofi. Kwa dakika moja mtu asiye na cheo alimkemea mtangazaji tajiri aliyekaa pamoja na mgombea wa urais, wakanyamaza kumsikiliza. Sijui kipimo bora kuliko hicho cha kujua kama jukwaa ni la watu.

Ni nini basi kilichougeuza mwelekeo huo? Jibu jepesi ni tamaa ya watazamaji, nalo halitoshi, kwa sababu haliwezi kueleza kwa nini tamaa hiyo ilijitokeza kwa nguvu katika miaka ile na si mingine. Tutazame biashara ilivyokuwa. Vipindi hivi havikuwa mali ya mtandao mmoja wa taifa. Viliuzwa kwa kituo kimoja kimoja, mji kwa mji, na kila kituo kilikuwa huru kukiacha kipindi kisicholipa. Kampuni ya Nielsen ilihesabu watazamaji wa miji yote kwa kina katika miezi minne ya mwaka, yaani Februari, Mei, Julai na Novemba, na bei za matangazo zikafuata hesabu hizo. Kwa hiyo mtayarishaji alikuwa na misimu minne ya mavuno, na katika kila msimu alitafuta kishindo. Gharama nazo zilimvuta upande huohuo. Tamthilia inadai mwandishi, waigizaji wa kulipwa na mandhari ya kujengwa; mtu anayelia kwa sababu mumewe amemsaliti alidai tiketi ya ndege na chumba cha hoteli. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 takriban nusu ya nyumba za Marekani zilikuwa na runinga ya kebo, na rimoti ilikuwa mkononi. Anayepitapita kwenye chaneli hana muda wa kuonja hoja. Anaona sura na miili: mtu anayelia, mtu anayeinuka ghafla, kidole kinachoelekezwa usoni. Hoja ya O'Hair ilihitaji dakika kumi ili ieleweke. Kofi linaeleweka mara moja, hata sauti ikiwa imezimwa.

Oktoba 1987 Morton Downey Jr. alianza kurusha kipindi chake kutoka kituo cha WWOR huko Secaucus, New Jersey, sigara mkononi, akiwapulizia wageni moshi na kuwafokea huku hadhira ya vijana ikinguruma. Miezi miwili kabla yake, Agosti 1987, tume inayosimamia mawasiliano ya Marekani ilikuwa imeifuta kanuni ya mwaka 1949 iliyovitaka vituo vijadili masuala yenye utata na kuzipa nafasi fikra zinazopingana. Si haki kusema kwamba kufutwa kwa kanuni hiyo ndiko kulikomzaa Downey, maana kipindi chake kilikuwa kikiandaliwa kwa sababu za soko. Lakini mambo hayo mawili yalitoka katika imani moja: kwamba hewa ya matangazo ni bidhaa kama nyingine, na mnunuzi ndiye atakayeamua thamani yake. Novemba 1988, mwezi wa kuhesabu watazamaji, Geraldo Rivera aliwaweka vijana wabaguzi wa rangi jukwaa moja na Roy Innis, kiongozi mweusi wa haki za raia. Matusi yalizaa ngumi, kiti kikarushwa, na Rivera akavunjwa pua. Jarida la Newsweek lilimweka kwenye jalada kama ishara ya runinga ya takataka, na kipindi kikapata watazamaji wengi kupindukia. Lawama na faida zilipanda ngazi moja. Kila mtayarishaji wa nchi hiyo aliliona somo.

Kazi ya Downey iliisha mwaka 1989, kwa kuwa wadhamini waliogopa kumkaribia. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba ugomvi wa kisiasa, hata ukiwa wa kihuni, una hatari kwa mwenye duka: humkera mteja wa chama hiki au kile, na hukaribisha kesi kutoka kwa watu wenye mawakili. Ugomvi wa mke na hawara hauna hatari hiyo. Wahusika hawana chama, hawana wakili, na hakuna kampuni ya sabuni itakayopoteza mteja kwa sababu yao. Naamini hapa ndipo ulipo ufunguo wa historia nzima. Wakati Donahue alimleta Nader awashutumu wenye viwanda, warithi wake walitambua kwamba ghadhabu ileile inaweza kupatikana kwa mdhamini bila kumgusa mdhamini wala mwenzake. Kufikia mwaka 1995 vipindi vya aina hiyo vilikuwa takriban 20, na mada zao zilikuwa zimeshuka kutoka kwenye sheria na afya ya taifa hadi kitandani kwa watu wasiojulikana.

Safari ya Springer inaonyesha mgeuko huo ndani ya mtu mmoja. Alizaliwa London mwaka 1944, mtoto wa Wayahudi waliokimbia Unazi, akalelewa New York, akafanya kazi katika kampeni ya Robert Kennedy mwaka 1968. Mwaka 1974 alijiuzulu udiwani wa Cincinnati baada ya kufichuka kwamba alimlipa kahaba kwa hundi. Alikiri hadharani, akawaendea wapiga kura kwa maneno yake mwenyewe, wakamrudisha mwaka 1975. Miaka miwili baadaye akawa meya. Kipindi chake kilipoanza Septemba 1991 kilimwiga Donahue, kikazungumzia siasa na mambo ya jamii, nacho kikakosa watazamaji. Mwaka 1994 usimamizi ulikabidhiwa Richard Dominick, aliyetokea kwenye magazeti ya udaku, na mada zikabadilika. Mwanzoni mwa mwaka 1998 Springer aliweza kumpita Oprah Winfrey, aliyekuwa malkia wa mchana kwa zaidi ya miaka 10. Mwaka huohuo, chini ya shinikizo la viongozi wa dini wa Chicago, wenye kipindi walikubali kuyakata mapigano, watazamaji wakapungua, na baada ya muda ngumi zikarudi. Kama kuna aliyetaka kujua bidhaa iliyokuwa ikiuzwa ni ipi, miezi ile ilimjibu.

Namna ugomvi ulivyotengenezwa inajulikana vizuri, hasa kwa sababu ya Laura Grindstaff, mwanasosholojia aliyefanya kazi ndani ya vipindi hivyo na kutoa kitabu chake mwaka 2002. Namba ya simu ilionyeshwa kwenye skrini pamoja na swali: je, unamshuku mpenzi wako? Waliopiga walikuwa zaidi watu wa kipato kidogo, wasio na pengine pa kusikilizwa. Wageni waliogombana waliwekwa vyumba tofauti kabla ya kurekodi, mtayarishaji akipita huku na kule akimweleza huyu alichosema yule, akiwahimiza wasijizuie, mpaka mlango unapofunguliwa hasira imeshaiva. Kiswahili kina neno kamili la kazi hiyo: uchonganishi. Mchonganishi hapigi mtu wala hasemi uongo mkubwa. Hubeba neno kutoka nyumba hadi nyumba na kulipasha moto njiani. Katika kijiji akigundulika hupoteza heshima. Katika studio alilipwa mshahara, kisha kamera ilipowaka mwenzake alivaa suti, akasimama katikati kama msuluhishi, na kumalizia kwa mawaidha kuhusu upendo. Kwa maoni yangu udanganyifu ambao madiwani wa Chicago walikuwa wakiutafuta katika ngumi ulikuwa hapo, katika suti ya msuluhishi.

Machi 1995 gharama ya uchonganishi huo ilionekana. Katika kipindi cha Jenny Jones mwanamume aliitwa akutane na mtu anayempenda kwa siri, akatokea mwanamume mwenzake aliyekuwa akimfahamu. Siku tatu baada ya kurekodiwa, aliyeaibishwa alimpiga risasi na kumuua aliyetangaza mapenzi yake. Muuaji alifungwa. Familia ya marehemu iliwashtaki wenye kipindi, na mwaka 1999 baraza la wazee wa mahakama huko Michigan likaamua walipwe zaidi ya dola milioni 25. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ikaufuta uamuzi huo kwa kuwa, kisheria, kipindi hakikuwa na wajibu wa kumlinda mgeni dhidi ya uhalifu wa mgeni mwingine. Uamuzi huo wa rufaa unaweza kuwa sahihi kisheria, na bado ukatufundisha jambo zito: mtu aliyeletwa kwa tiketi ya kampuni, akafichwa ukweli na kampuni, akaaibishwa kwa faida ya kampuni, alipotoka mlangoni hakuwa tena jukumu la kampuni. Oktoba 1995 Seneta Joseph Lieberman na waziri wa zamani William Bennett walianzisha kampeni ya kuwaaibisha wadhamini. Walilaani uchafu wa maadili, lakini sehemu kubwa ya hasira yao iliwaangukia wageni waliojianika, watu ambao hawakuwa na hisa hata moja.

Pingamizi la kwanza, na ndilo lenye uzito kuliko yote, limetolewa na Joshua Gamson katika kitabu chake cha mwaka 1998. Anasema kwamba vipindi hivi, pamoja na fujo zake, viliwaonyesha Wamarekani mashoga, waliobadili jinsia na watu wengine ambao runinga ya heshima iliwafungia mlango. Kuonekana, hata katika zogo, kuliwapa nafasi ambayo ukimya usingewapa. Hilo ni kweli, na mkosoaji anayelipuuza anatetea mlango uliofungwa. Lakini tuzitenganishe nyakati. Waliokuja kwa Donahue katika miaka ya 1970 na 1980 walikuja kueleza maisha yao na kujibu maswali. Waliokuja katika miaka ya 1990 walikuja kuwa mshangao kwa mtu mwingine. Mgeni wa Jenny Jones aliyeuawa alionekana, naam, lakini alionekana kama mtego uliotegwa kwa ajili ya mwenzake. Kuonekana humnufaisha mtu anapojua anakokwenda na anaposhika neno lake mwenyewe. Gamson mwenyewe hakuficha kwamba nafasi hiyo ilinunuliwa kwa bei kubwa. Mimi naongeza tu kwamba bei ililipwa na mgeni, wakati mpokeaji wa fedha alikuwa mwingine.

Wengine husema wageni walikwenda kwa hiari, wakasaini mikataba, na wengi walifurahia siku zao za umaarufu. Ni kweli pia, na ni vibaya kuwahurumia watu wazima kana kwamba hawana akili. Grindstaff anaonyesha kwamba wengi walijua mchezo na walikuwa na malengo yao. Ila hiari hupimwa kwa kile mtu anachokijua na kwa njia nyingine alizonazo. Aliyeambiwa atakutana na mpenzi wa siri na kufichwa nani atatokea amesaini karatasi, hakusaini jambo lenyewe. Tena mwenye daktari, wakili na mshauri hapeleki mgogoro wa ndoa yake studioni. Tukiona kwamba wengi walioitikia wito walitoka tabaka moja, hatuna budi kukiri kwamba hiari yao ilipita katika mlango mwembamba.

Pingamizi la tatu ni kongwe: binadamu hupenda kutazama ugomvi, na runinga iliuhamisha tu kutoka uwanjani. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuwezi kulikataa kirahisi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alishambuliana kwa mashairi na washairi wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19. Ngoma za beni ziligawa miji mizima katika vyama vya kushindana. Na mipasho ya taarabu imejaza kumbi za Zanzibar na Dar es Salaam. Lakini mila hizo zinatoa ushahidi dhidi ya Springer. Anayelumbana kwa shairi huchagua maneno yake, hufungwa na vina na mizani, na mpinzani wake ana zamu sawa ya kujibu kwa kipimo kilekile. Mpasho hufumba, na fumbo humwachia anayelengwa njia ya kutokea bila kuvuliwa nguo mbele za watu. Beni ilikuwa na kanuni zake, vyeo vyake na wanachama waliojichangia wenyewe. Katika ugomvi wa aina hiyo wagombanaji ndio wenye uwanja. Wageni wa Chicago hawakuwa na zamu, kipimo wala uwanja.

Ushahidi kwamba ukali wenyewe haukuwa tatizo ulitokea mbali na Marekani. Novemba 1996 Al Jazeera ilianza kutangaza kutoka Doha, ikiwa na watangazaji wengi waliotoka katika runinga ya Kiarabu ya BBC iliyofungwa mwaka huo. Katika kipindi chake cha mjadala kilichoongozwa na Faisal al-Qassem, Msyria aliyesomea Uingereza, wageni wawili wenye msimamo wa kukinzana walipambanishwa moja kwa moja hewani, watazamaji wakipiga simu. Walipigiana kelele, na wengine waliinuka wakaondoka. Kwa watazamaji wa Ghuba na nchi za Kiarabu, waliozoea taarifa za habari zenye safari za mfalme na salamu za rais, kelele zile zilikuwa hewa safi, kwa sababu kilichokuwa kikibishaniwa ni utawala wenyewe. Novemba 1998 Jordan ilifunga ofisi ya Al Jazeera mjini Amman kwa sababu ya mjadala uliorushwa katika kipindi hicho. Serikali haifungi ofisi kwa ajili ya mke na hawara. Na hata huko mwelekeo ulipogeuka thamani iligeuka nao: wakosoaji wamesema kwa miaka mingi kwamba watawala wa Qatar, wenye nyumba, waliguswa kwa nadra, na mwaka 2015 kipindi kilipoifanya jamii nzima ya Waalawi wa Syria kuwa mada ya shutuma, kilishutumiwa kwa kuchochea chuki za kimadhehebu.

Urithi wa Chicago umekwenda njia mbili. Njia ya kwanza ni ile ya kuwaanika wanyonge. Nchini Uingereza kipindi cha Jeremy Kyle kilianza mwaka 2005 kikiwa na kipimo cha kugundua uongo kama hakimu wake. Mwaka 2007 hakimu wa kweli mjini Manchester, akisikiliza kesi ya mtu aliyempiga mwenzake kichwa jukwaani, alikifananisha kipindi hicho na mchezo wa kale wa kuwachokozea dubu mbwa, safari hii kwa wanadamu. Mei 2019 kilifutwa baada ya kifo cha mshiriki aliyeambiwa ameshindwa kipimo hicho. Uchunguzi wa kifo hicho uliokamilika mwaka 2024 haukuona ushahidi wa kutosha kwamba kipindi ndicho kilichosababisha, na haki inatutaka tuseme hivyo. Lakini kufikia hapo msimamizi wa utangazaji wa nchi hiyo alikuwa ameshaweka kanuni za kuwalinda washiriki, jambo ambalo mahakama ya rufaa ya Michigan haikuliona kuwa wajibu.

Njia ya pili ni ile ya wanasiasa kujifunza adabu za studio. Kipindi cha Crossfire cha CNN, kilichoanza mwaka 1982, kilipanga siasa zote katika pande mbili za kupigiana kelele. Oktoba 2004 mchekeshaji Jon Stewart alikwenda hewani akawaambia waendeshaji wake kwamba wanaiumiza nchi, na Januari 2005 CNN ilitangaza kukifunga. Kenya nayo ilionja: Oktoba 2016, katika mahojiano ya KTN, wanasiasa wawili waliotaka ugavana wa Nairobi walirushiana maneno hadi mmoja akamdhalilisha mwenzake kijinsia, taifa likahamaki, na kabla ya mwaka kwisha kipindi kikaondolewa. Wengine wataona kwamba hapa wakubwa wamerudi jukwaani, kwa hiyo mwelekeo umerekebishwa. Sioni hivyo. Mkubwa anayetukanana na mkubwa mwenzake hajibu swali la raia. Amelikimbia, na tusi limempa mahali pa kujificha. Video fupi zinazosambaa leo simuni zimeongeza kasi tu, maana hesabu ya rimoti imehamia kwenye kidole gumba.

Springer aliacha kurekodi mwaka 2018, akiwa na vipindi karibu 4,000 nyuma yake. Mwaka 2022, miezi michache kabla ya kifo chake cha Aprili 2023, alisema katika mahojiano kwamba anaomba radhi na kwamba aliuharibu utamaduni. Alisema kwa tabasamu, lakini maneno yalikuwa na ukweli ambao yeye aliujua kuliko wengi. Mwaka 1974 yeye mwenyewe alikuwa mtu aliyeaibika. Hakuna aliyemfungia chumbani kumpandisha hasira, wala aliyemletea mkewe na kahaba jukwaani mbele ya watu wa kuzomea. Alipewa muda, akasema kosa lake kwa maneno yake, watu wa Cincinnati wakamuuliza, wakampima, wakamsamehe kwa kura. Maelfu ya watu waliokaa kwenye viti vyake huko Chicago hawakuwahi kupewa nafasi hiyo, wakati nafasi hiyo ndiyo iliyomfanya meya. Basi anayetazama mjadala wowote wa runinga leo, Nairobi au Dar es Salaam, asihangaike kupima sauti zimepanda kiasi gani. Atazame kipaza sauti kinatoka mkononi mwa nani kwenda kwa nani, kisha aulize ni nani ambaye angepaswa kuwa jukwaani kujibu na hayupo.